Jalada la Senti 25

Katika vitu vyote ambavyo binadamu hukusanya, ni vichache vinavyomtia mwenyewe haya mbele ya mgeni. Mwenye stempu huzitandaza mezani kwa furaha. Mwenye sarafu za kale hueleza enzi ya kila mfalme. Mwenye miswada hupokelewa na wanazuoni kwa heshima. Lakini yuko mkusanyaji mwingine ambaye, akibishiwa hodi, hutazama rafu zake kwanza kabla ya kufungua mlango. Huyu amekusanya vitabu vya jalada jepesi vilivyochapwa Marekani, na kwa kadiri ndogo Uingereza, kati ya miaka ya 1940 na ya 1960: vitabu vidogo vya kutia mfukoni, vya karatasi hafifu, vyenye picha za wanawake waliovaa nusu na wanaume walioshika bastola, rangi zake kali kama za peremende, na maneno yanayoahidi dhambi katika kila ukurasa. Akiulizwa sababu ya kuvipenda hujibu kwa kicheko kwamba anavipenda kwa ubaya wake. Jibu hilo ni jepesi kusikika lakini ni zito kupimwa. Je, yawezekana mtu akapenda kitu kwa ajili ya ubaya wake, akatumia fedha na miaka kukitafuta, akakitunza kuliko kitu chema, na bado akawa ameepukana na ubaya wenyewe?

Kabla ya kumhukumu mkusanyaji yafaa kujua kitu alichokusanya kilizaliwaje. Mwaka 1935 Allen Lane alianzisha Penguin huko Uingereza, akauza vitabu vizuri kwa pensi 6, na majalada yake hayakuwa na picha ya kushawishi ila mikanda ya rangi, jina la kitabu, na ndege wake. Mwaka 1939 Robert de Graff alitoa New York vitabu 10 vya kwanza vya Pocket Books, kwa senti 25 kila kimoja. Wakafuata Avon mwaka 1941, Popular Library mwaka 1942, Bantam mwaka 1945, na wengine wengi. Bei ndogo ilikuwa jambo kubwa, lakini kubwa zaidi lilikuwa mahali pa kuuzia. Maduka ya vitabu ya Marekani yalikuwa machache, na mengi yalikuwa katika miji mikubwa. Vitabu hivi vilichukuliwa na wale wale waliosambaza magazeti, vikawekwa katika vibanda, katika maduka ya dawa, katika stesheni za mabasi na za garimoshi, kando ya sigara na peremende. Mtu aliyevikuta hapo hakuwa amekuja kutafuta kitabu. Alikuja kununua dawa ya kikohozi, au alikuwa akingoja basi. Jalada lilipewa muda wa jicho kupepesa mara mbili tu kumgeuza mpita njia kuwa msomaji.

Ndipo wachapishaji walipowaita wachoraji waliojifunza kazi katika magazeti ya hadithi yaliyochapwa kwa karatasi ya rojo ya mti, ambako picha ya nje ilikuwa imekwisha kuwa ufundi wa kusimamisha watu njiani. Rudolph Belarski na Norman Saunders walitoka huko. Wahenga wamesema kuwa chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Lakini katika rafu zile za waya chema na kibaya vilijitembeza pamoja, vimevaa nguo za namna moja, na mpita njia hakuweza kuvitambua kwa macho. Waswahili husema tena juu ya uzuri wa mkakasi ambao ndani yake ni kipande cha mti. Hapa methali iligeuzwa nje ndani. Mara nyingi mkakasi ulipakwa rangi za kutisha, na ndani yake mkawa na johari.

Mfano mmoja watosha kucheka na kusikitika. John Erskine alikuwa mwalimu wa Chuo Kikuu cha Columbia, mtu aliyewazoeza wanafunzi wake kusoma vitabu vikuu vya ulimwengu. Mwaka 1925 alitoa riwaya ya mzaha mpole juu ya Helen wa Troy baada ya vita, riwaya ya mazungumzo zaidi kuliko matendo. Mwaka 1948 Popular Library waliitoa tena, na Belarski akamchora Helen katika vazi jepesi mno hata likawa kama halipo. Katika riwaya hakuna jambo linalolingana na picha ile. Leo nakala za toleo hilo ni miongoni mwa zinazotafutwa sana na wakusanyaji, na yamkini wengi wao hawajui kuwa mwenye kitabu alikuwa mwanachuoni.

Mfano wa pili una ukali zaidi. Mwaka 1944 George Orwell aliandika insha juu ya riwaya ya James Hadley Chase iitwayo No Orchids for Miss Blandish, iliyotoka mwaka 1939. Alikiri kuwa ni kazi ya fundi. Lakini aliishutumu kwa ukatili wake na kwa kuabudu nguvu, akaona ndani yake dalili ya ugonjwa wa zama zile. Orwell alifariki Januari 1950. Mwaka huo huo Signet wakatoa 1984 kwa jalada jepesi. Juu yake alichorwa msichana mwenye shingo ya gauni iliyoteremka sana, amevaa nishani ya umoja wa kupinga mapenzi, na nyuma yake walinzi na mabango ya kutisha. Mtu aliyeyachunguza mavazi ya Hadley Chase kwa jicho la hakimu alivikwa mavazi yale yale alipokuwa hawezi tena kuyavua.

Wengine walikuwa hai na wakagomba. J. D. Salinger hakupendezwa na picha ambayo James Avati aliichora kwa toleo la Signet la The Catcher in the Rye mwaka 1953, ingawa Avati alikuwa bora kuliko wengi na picha yenyewe haikuwa na aibu kubwa. Baadaye vitabu vya Salinger vilitoka na majalada yasiyo na picha yoyote. Allen Lane naye alichukizwa na picha ambazo tawi lake la Marekani lilikuwa likizitumia, na ugomvi huo ulikuwa moja ya sababu za Kurt Enoch na Victor Weybright kutengana naye mwaka 1948 na kuanzisha New American Library, kampuni iliyotoa hiyo Signet. Kwa upande mmoja alisimama mtu aliyeamini kuwa kitabu chema kikiuzwa kwa bei ya haki kitamfikia msomaji wake. Kwa upande wa pili walisimama watu walioona kuwa msomaji wa mji mdogo hajapata kuvuka kizingiti cha duka la vitabu, na kwamba asipoitwa kwa sauti ya mtaani hatasikia. Si rahisi kusema nani alikuwa na haki. Waliotumia picha za aibu waliwauzia Orwell na Faulkner watu ambao adabu ya Lane isingewafikia kamwe. Lakini waliwauzia kwa uongo.

Uongo huo ndio shitaka la kwanza, na ni jepesi kuliko mengine, kwa kuwa aliyedanganywa kwa senti 25 akapata 1984 hakupunjwa. Shitaka zito lilitoka kwa walinzi wa maadili. Mwaka 1952 Baraza la Wawakilishi la Marekani liliunda kamati ya kuchunguza machapisho ya ufuska chini ya uongozi wa Ezekiel Gathings wa Arkansas. Kamati ilivitaja vitabu vya jalada jepesi na picha zake kuwa hatari kwa vijana, na baada ya hapo wachapishaji wengi walipunguza makali ya majalada yao. Uingereza ilikuwa kali zaidi: Januari 1954 mchapishaji na msambazaji wa hadithi za Hank Janson, ambazo majalada yake mengi yalichorwa na Reginald Heade, walihukumiwa kifungo cha miezi 6. Mwandishi mwenyewe, Stephen Frances, alikuwa amejificha nyuma ya jina hilo la Janson. Mtu anayenunua leo jalada la Heade kwa bei kubwa, akalipiga picha na kuwaonyesha marafiki, ananunua kitu ambacho watu walifungwa kwa ajili yake. Jambo hilo lenyewe halithibitishi kuwa kitu ni kizuri wala kuwa hukumu ilikuwa ya haki. Lakini lafaa kumzuia asidhani kuwa kila kilichozeeka kilikuwa mchezo tangu mwanzo.

Wanafalsafa nao walikuwa na neno. Wajerumani huita kitsch kile kinachoiga uzuri kwa bei rahisi, chenye kumpa mtu machozi au msisimko bila kumgharimu fikira. Mwaka 1933 Hermann Broch alisema kuwa anayetengeneza vitu vya namna hiyo hawezi kuhesabiwa kuwa msanii dhaifu tu. Ni mtenda uovu, kwa sababu amekusudia athari badala ya ukweli. Mwaka 1939, mwaka ule ule wa Pocket Books, Clement Greenberg aliuweka ufundi huo kinyume cha sanaa ya kweli kama usiku ulivyo kinyume cha mchana. Miaka 25 baadaye, mwaka 1964, Susan Sontag alieleza namna ya kuonja ambayo hupenda kilichopita kiasi na kilichoshindwa katika bidii yake, na ambayo hukipenda kwa upole. Kati ya Greenberg na Sontag ndipo mkusanyaji wa siku hizi alipopata kibali chake. Aliambiwa kuwa yaruhusiwa kupenda kitu kibaya, mradi ajue kuwa ni kibaya.

Kibali hicho ndicho chenye kustahili kuchunguzwa. Mkusanyaji hutoa hoja kuwa yeye na mnunuzi wa kwanza hawako sawa. Yule wa mwaka 1952 alilitazama jalada kwa uchu. Huyu wa leo hulitazama kwa kicheko. Yule alinaswa na chambo. Huyu huutazama mtego baada ya kutu kuula meno, akastaajabia ufundi wa aliyeufua. Wakati, husema, umeondoa sumu na kuacha chupa.

Kuna ukweli katika hoja hii, lakini haukutimia. Kwanza, kicheko si maji ya kutawadhia. Mtu aweza kucheka na kutamani kwa wakati mmoja, na aghalabu hucheka ili asionekane anatamani. Mnunuzi wa kwanza alisimama mbele ya mwenye duka, akalipa senti zake, akakitia kitabu ndani ya koti. Alikubali kujulikana, japo na mtu mmoja, kuwa alitaka alichokitaka. Mkusanyaji hutaka kitu kile kile pamoja na cheti cha kuwa hakukitaka. Waama, kama kuna unafiki katika jambo hili, haukai kwa yule wa senti 25.

Pili, kicheko kina mtu kinayemcheka. Kichekeshwacho si rangi juu ya karatasi. Ni yule dereva wa lori, yule askari aliyerudi kutoka Korea, yule karani wa kike katika mji usio na maktaba, ambao walidhaniwa kuwa wepesi kiasi cha kuvutwa na picha ile. Anayecheka amejiweka juu yao. Lakini watu hao walisoma kitabu mpaka mwisho wake.

Tatu, yapo majalada ambayo kicheko hakiyawezi. Katika hadithi za upelelezi za miaka ile mwanamke huonekana mara kwa mara amefungwa kamba, au ameshikwa koo, au amelala chini ya kivuli cha mwanamume asiyeonekana uso. Mchoraji alitia nuru nzuri kabegani na katika goti, akamfanya anayeteswa kuwa pambo. Pingu za zama zilizopita huwekwa katika nyumba ya makumbusho, na watu huzitazama kwa faida. Lakini hapana anayezitundika barazani ili wageni wafurahi. Mkusanyaji akisema kuwa jalada kama hilo ni la kale, amesema kweli ya tarehe tu. Maumivu yanayofanywa mapambo hayakuisha mwaka 1960. Laiti angelihifadhi akijua ni nini alichokihifadhi, angekuwa na hoja ya mwanahistoria. Akilitundika kwa kuwa linachekesha, hana hoja.

Yaliyotangulia yangetosha kumtia hatiani, kama si jambo moja ambalo halikutazamiwa na wachapishaji, wala na kamati, wala na wanafalsafa. Mwaka 1950 kampuni ya Fawcett ilianzisha Gold Medal, mfululizo wa vitabu ambavyo havikuwahi kutoka kwa jalada gumu. Mwaka huo ilitoa Women's Barracks ya Tereska Torrès, mwanamke wa Kifaransa aliyetumika katika jeshi la Wafaransa huru mjini London wakati wa vita. Katika habari za maisha ya wanawake wale kambini mlikuwa na wawili watatu waliopendana wao kwa wao. Kitabu kiliuzwa kwa mamilioni, kikalaaniwa na kamati ya Gathings, na wachapishaji wakatambua kuwa habari hizo zina soko. Soko walilolifikiria lilikuwa la wanaume. Mwaka 1952 Gold Medal wakatoa Spring Fire ya Marijane Meaker, aliyeandika kwa jina la Vin Packer. Mhariri alimwambia kuwa wanawake wawili wa hadithi yake hawawezi kumaliza kwa furaha, kwa kuwa vitabu hupita posta na posta ingeweza kuvizuia. Basi mmoja apate wazimu na mwingine agundue kuwa hakuwahi kumpenda. Hata jina la kitabu lilichaguliwa kwa tumaini kuwa wanunuzi watalichanganya na la riwaya ya James Michener. Mtu hawezi kutazamia adabu ndogo kuliko hiyo katika kutengeneza kitabu.

Na bado kitabu kilifika mahali ambapo hakikutumwa. Katika miji midogo ya Marekani waliishi wanawake waliodhani kuwa hapana mwingine duniani aliye kama wao. Walisimama mbele ya rafu ya duka la dawa, wakaona jalada lililochorwa ili kumsisimua mwanamume, wakalisoma kwa maana nyingine kabisa. Picha ya wasichana wawili, mmoja ameketi kitandani na mwingine akimtazama, ilikuwa kwao kibao cha njia. Ann Bannon, aliyekuwa mke wa nyumbani katika Philadelphia alipoanza kuandika, alitoa Odd Girl Out mwaka 1957 na vitabu vingine vya mfululizo huo hata mwaka 1962, akapokea barua za wanawake kutoka pande zote za nchi. Baadaye akawa mwalimu wa chuo kikuu huko Sacramento, na wenzake wengi hawakujua kuwa ndiye Bannon, kwa kuwa hilo halikuwa jina lake. Vitabu vyake vilichapwa tena mwaka 1983, na Spring Fire, ambacho Meaker alikikatalia muda mrefu kwa sababu ya mwisho ule wa kulazimishwa, kikarudi mwaka 2004.

Jalada lilisema uongo kwa mtu mmoja na kweli kwa mwingine, kwa rangi zile zile. Mkusanyaji akijua hivyo hawezi tena kusema kwa wepesi kuwa anapenda kitu hiki kwa ubaya wake, maana ubaya wake haukuwa wote ndani ya kitu. Sehemu ilikuwa katika jicho la yule kilichomkusudia. Aliyelichukua jalada lile kwa mikono iliyotetemeka, akalipa bila kumtazama mwenye duka usoni, hakuona kitsch. Aliona habari ya kwamba yuko.

Zaidi ya hayo, laiti wakusanyaji wasingalikuwako, habari hizi zisingejulikana. Maktaba nyingi ziliona ni fedheha kuvipokea vitabu hivi. Mwaka 1969 chuo kikuu cha Bowling Green katika Ohio kilianzisha maktaba ya utamaduni wa watu wa kawaida na kuanza kuweka yale ambayo wengine waliyatupa, lakini kabla ya hapo, na kwa wingi hata baada yake, waliookoa vitabu hivi ni watu binafsi wenye masanduku na uvumilivu. William Burroughs alianza kuchapwa mwaka 1953 kwa jina la William Lee, katika kitabu cha senti 35 cha kampuni ya Ace kiitwacho Junkie. Kilikuwa kimeunganishwa mgongo kwa mgongo na kumbukumbu za askari wa kuzuia madawa ya kulevya, na jalada lake lilionyesha mwanamume akipambana na mwanamke. Hakuna mwanachuo aliyekiweka wakati ule. The Killer Inside Me ya Jim Thompson ilitoka hivyo hivyo mwaka 1952, na sasa hufundishwa. Wakusanyaji vile vile ndio waliorudisha majina ya wachoraji. Wengi walilipwa mara moja, picha zao za asili zikabaki kwa mchapishaji au zikatupwa, na jina likakatwa pembeni ili kupisha bei. Robert McGinnis, aliyezaliwa mwaka 1926 na kufariki mwaka 2025, alichora majalada zaidi ya 1,000. Watu waliomjua kwa jina, kwa muda mrefu, walikuwa hao wanaohesabiwa kuwa wapenda upuuzi.

Afrika Mashariki ina sababu ya kulifikiri jambo hili bila kulidhani ni la wengine. Hadley Chase aliyeshutumiwa na Orwell alisomwa Nairobi na Dar es Salaam kwa miaka mingi, katika matoleo yenye picha za wanawake juu, yakapita mkono kwa mkono katika vibanda vya vitabu vikuukuu mpaka majalada yakaanguka. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 David Maillu alianzisha Comb Books mjini Nairobi, akatoa vitabu vidogo vya bei ndogo juu ya pombe, mapenzi na maisha ya makarani, kama My Dear Bottle mwaka 1973 na After 4.30 mwaka 1974. Wahakiki walivibeza, vijana walivinunua, na mwaka 1976 Tanzania ilivipiga marufuku. Katika Kiswahili Simu ya Kifo ya Faraji Katalambulla, ya mwaka 1965, ilifungulia mlango hadithi nyingi za upelelezi zilizochapwa kwa karatasi duni na kusomwa mpaka zikaisha. Anayetaka leo kuandika historia ya usomaji wa miaka hiyo lazima amtafute mtu aliyekuwa na haya kidogo na sanduku kubwa.

Basi mkusanyaji ana hatia na ana sifa, na haifai moja ifutwe kwa ajili ya nyingine. Kosa lake la kweli halimo katika kupenda picha za aibu. Limo katika namna ambayo upendo wake unaweza kuendeleza dharau ya wale waliozitengeneza. Katika biashara ya vitabu vya jalada jepesi huko Marekani, nakala zisizouzwa hazikurudishwa kwa mchapishaji nzima, kwa kuwa gharama ya kuzibeba ilizidi thamani yake. Mwenye duka aliruhusiwa kung'oa jalada peke yake, akalirudisha kama ushahidi, na kitabu chenyewe, maneno yote ya mwandishi tangu la kwanza hata la mwisho, kikatupwa. Hapana picha iliyo wazi kuliko hiyo ya imani ya wauzaji wale: kwamba kitabu ni jalada lake. Mkusanyaji anayekitia kitabu katika mfuko wa plastiki, uso nje, na kukiweka rafuni bila kukifungua, amekiri imani ile ile. Amelitenga jalada bila kulichana.

Atajitetea, na utetezi wake una nguvu. Karatasi ile ya rojo ya mti ina asidi ndani yake. Inageuka rangi kuwa ya tumbaku, inakuwa kavu, na ukurasa uliopinduliwa huvunjika. Gundi ya mgongo imekufa. Kukisoma kitabu kama hiki ni kukimaliza, na asiyekisoma ndiye anayekirefushia maisha. Anatole France, husimuliwa, alipoulizwa na mgeni kama amevisoma vitabu vyake vyote, alijibu kwa kumwuliza kama yeye hutumia sahani zake za Sèvres kila siku. Jibu hilo lingeeleweka Lamu, ambako kaure za China zilipangwa katika zidaka za ukutani, wala hapana aliyezipakulia wali. Lakini sahani ya kaure isiyoliwa ingali sahani, na uzuri wake wote uko machoni. Kitabu kisichosomwa hungoja. Na kitabu kilichotengenezwa kisomwe mara moja katika basi na kuachwa juu ya kiti hungoja kwa namna ya ajabu zaidi, kwa kuwa hakikuahidiwa kungojewa na mtu yeyote.

Katika orodha za wauzaji kila nakala hupewa daraja kwa hali yake. Pembe iliyopinda, doa la kahawa, shimo la sigara, muhuri wa duka la kubadilishana vitabu, jina la mwenyewe lililoandikwa kwa wino ndani ya jalada: vyote huitwa kasoro, na kila kimoja hupunguza bei. Kasoro inayoogopwa kuliko zote ni mkunjo wa mgongo, ule mstari mweupe unaobaki pale kitabu kilipofunguliwa kwa nguvu na mtu aliyetaka kukiona chote. Nakala yenye bei kubwa ni ile ambayo mgongo wake hauna mkunjo hata mmoja. Nakala ya Odd Girl Out iliyofichwa chini ya godoro, ikatolewa usiku na kurudishwa, ikaazimwa kwa rafiki mmoja na kupokewa tena, itakuwa imepata mikunjo mingi na labda imepoteza jalada la nyuma. Hiyo huwekwa katika sanduku lililo chini ya meza pamoja na nyingine za bei ya chini, na mkusanyaji aliye na nakala safi huipita bila kuinama.